Jedwali la Kitalu Namba Tisa

Haikuwa zamani za kale, wala hapakuwa na mfalme. Ilikuwa mwaka wa fedha uliopita, na palikuwa na nchi moja yenye wizara ishirini na tisa, mito miwili, na barabara ya lami inayofika nyumbani kwa kila waziri. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Si ya hapa. Atakayeona imefanana na ya hapa basi ni macho yake tu, aende akapimwe.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kuvunjwa hata siku moja, nayo iliitwa Sheria ya Nukuu Tatu. Hakuna kitu cha serikali kilichonunuliwa kabla wauzaji watatu hawajaandika bei zao kwenye karatasi, karatasi zikalinganishwa kwenye jedwali, na mwenye bei ya chini akapewa kazi. Iwe gundi, iwe daraja. Hospitali ya mkoa ilipoungua, kikosi cha zimamoto kilifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, kikajipanga mstari kwa nidhamu, kikasubiri nukuu ya tatu ya maji.

Aliyechora majedwali ya Wizara ya Wanyama na Wageni alikuwa Hezroni Matukuta, Afisa Ugavi Daraja la Pili, aliyekaa meza ileile kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa mwizi, na jambo hilo liliwatia wenzake wasiwasi. Wenzake walikuwa na viwanja. Yeye alikuwa na rula ya chuma. Aliamini kabisa, na hii ndiyo iliyokuwa dini yake ya siku za kazi, kwamba mistari ya jedwali ikinyooka, na nchi nayo itanyooka taratibu.

Chini ya meza yake palikuwa na kopo la rangi ya buluu, lita nne, ambalo halijafunguliwa. Kopo hilo lilikuwa la mama yake. Mama Namsifu aliishi Lutundwe, kijiji cha mwendo wa siku mbili kwa basi, kwenye nyumba ya bati ambayo Hezroni alimjengea kwa mikopo. Wakati ule rangi iliisha paa likiwa nusu, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa buluu na mwingine kutu. Mama alikataa katakata kuhamia mjini kwa sababu mumewe amezikwa nyuma ya jiko, na nani angemfagilia? Kila Jumapili baada ya ibada alipanda juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao, akampigia mwanawe.

"Nimepanda, sema haraka, siafu hawa hapa."

"Mwezi wa nane nakuja mama, namalizia rangi."

"Hata mwaka jana ulisema."

"Safari hii kopo ninalo tayari."

Mwezi wa tano Mkuu wa Wakuu, maana ndivyo katiba ilivyomwita, alirudi kutoka mkutano wa marais akiwa amenuna. Mwenyeji wake alikuwa amemwonyesha ukumbi wenye kichwa cha dubu ukutani, dubu aliyempiga mwenyewe kwenye theluji. Mkuu wa Wakuu alipoulizwa na yeye ana nini ukutani, ilimbidi ajibu kwamba ana saa. Baraza la Mawaziri likamjadili dubu yule siku nne mfululizo. Ajenda ya ukame ilisogezwa mbele, na ukame wenyewe haukulalamika.

Siku ya tano Waziri wa Wanyama na Wageni, Mheshimiwa Balthazari Shekuru, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa amevaa kofia ya kuwindia iliyokuwa bado na kibandiko cha duka.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka sitini wageni wanatoka kwao wanakuja kuwinda kwetu. Je, sisi tumewahi kujua mgeni huyo anajisikiaje? Hatujui! Tunauza mboga ambayo hatujaionja chumvi! Sasa Mkuu wa Wakuu, kwa moyo wake wa kujitolea, amekubali kwenda kuwinda nchi za nje ili ajisikie kwa niaba yenu."

Mwandishi mmoja aliuliza kwa nini asiwinde hapahapa, maana nyati wamejaa tele.

"Wanyama wetu ni wananchi," alisema Waziri kwa huzuni ya mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mkuu wa Wakuu hawezi kumpiga mwananchi risasi kwa starehe."

Waandishi waliiandika sentensi hiyo kwa makini, bila kutazamana.

Jalada lilifika mezani kwa Hezroni siku iliyofuata, likiletwa kwa mkono na Katibu Mkuu mwenyewe, Bwana Ponsiano Ludete, mtu wa sauti ya chini aliyependa kuongea kama vile nyuma ya ukuta kuna mgonjwa. Kazi ilikuwa nyepesi: kulinganisha gharama za safari tatu za uwindaji nje ya nchi.

Nukuu ya kwanza ilitoka nchi ya theluji. Dubu mmoja, siku kumi, mwindaji bingwa mmoja na mbwa saba, kila mbwa na posho yake ya siku. Dubu akijeruhiwa akatoroka, analipiwa kama aliyekufa. Jumla, dola elfu sitini na moja na mia nne. Nukuu ya pili ilikuwa ya mbuzi wa milimani, dola elfu hamsini na nne, bila farasi na bila hewa ya kupumulia huko juu. Na mbuzi akidondokea bondeni, kamba inauzwa mbali. Ya tatu ilikuwa ya Kampuni ya Gruntag na Wanawe, ya mji mmoja wa baridi ambao Hezroni hakujua hata kuutamka. Wao walitoa nyati wawili na pofu mmoja, yule swala mkubwa, hema lenye beseni la kuogea, mpishi, risasi hamsini za bure, na kuvikausha vichwa hadi vitundikwe. Dola elfu thelathini na nane na mia tisa. Mahali pa kuwindia paliandikwa kwa kifupi: Kitalu Namba Tisa, Afrika.

Hezroni hakushtuka. Afrika ni kubwa, na fomu ya serikali haikuwa na sehemu ya kuuliza mnyama anaishi wapi. Mstari wa nne uliandikwa "Nchi", na mwongozo ukaeleza kuwa maana yake ni nchi ya mzabuni. Akajaza nchi ya ule mji wa baridi, herufi kwa herufi. Mstari wa kumi na nne uliuliza kama kuna makazi ya binadamu ndani ya eneo. Wa dubu walijibu: wavuvi wachache, wakali. Wa mbuzi: wachungaji, hufidiwa. Gruntag walijibu: hakuna. Hezroni akaweka alama ya vema, akawapa alama nne kamili, maana eneo lisilo na watu halina fidia.

Katibu Mkuu aliposoma jedwali alivuta kiti akakaa. Msafara wa dubu ulikuwa na watu arobaini na mmoja, na mkwewe alikuwemo kama mtaalamu wa theluji.

"Bwana Matukuta, huyu dubu hawezi kushuka kidogo?"

"Bei yao ndiyo hiyo, mzee. Nimewapigia mara mbili."

"Basi huyu wa tatu hawezi kupanda kidogo?"

"Mzee, jedwali ni jedwali."

Katibu Mkuu alimtazama muda mrefu, akamkuta haogopi. Kwa kweli Hezroni alikuwa anaogopa, lakini mkono wake ulisaini bila kuyumba. Jioni hiyo alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa furaha, akanunua nusu kilo ya nyama. Jumapili alimwambia mama yake habari yote.

"Nimeiokolea nchi dola elfu ishirini na mbili na mia tano."

"Mungu akuzidishie, baba. Hata huku kuna wageni wamekuja, wanapima pima. Wamekipiga picha kichuguu changu. Nikawaambia mbona hamnipigi mimi, wakasema nisogee, naharibu."

Hezroni alicheka, akasema wageni wana mambo. Baadaye alijichukia sana kwa kicheko kile.

Redio ilitangaza kwamba Mkuu wa Wakuu ataondoka tarehe mosi ya mwezi wa nane kwenda kuwinda ng'ambo, tena kwa bei nafuu kuliko rais yeyote duniani. Wimbo ukatungwa. Wiki moja baadaye mkataba wa Gruntag uliwasili ukiambatana na kijitabu cha rangi, karatasi ngumu inayonukia, na Hezroni akakifungua ili akigonge muhuri kila ukurasa kama ilivyo kawaida.

Ukurasa wa sita ulikuwa na mbuga, na mbugani palikuwa na nyumba ya bati. Upande mmoja wa paa ulikuwa buluu, upande mwingine kutu. Chini yake paliandikwa: banda la kale la kuangalizia wanyama. Pembeni palikuwa na kichuguu, nacho kimeandikwa: jukwaa la asili la kulengea shabaha.

Alikaa na muhuri hewani hadi wino ukadondoka mezani. Kisha alipanda ngazi zote hadi ghorofa ya saba, maana lifti ilikuwa bado inasubiri nukuu.

"Mzee, Kitalu Namba Tisa ni Lutundwe."

"Lutundwe ya wapi?"

"Ya hapahapa. Wilaya ya Mashariki. Hawa tuliwakodishia sisi wenyewe, miaka mingi imepita. Wanatuuzia kwetu."

Uso wa Katibu Mkuu ulichanua. Kwa dakika moja wote wawili walikuwa na furaha: mmoja alimwona dubu, mwingine alimwona mama yake. Wakaenda pamoja kwa Waziri, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Hezroni alipewa chai na mkubwa.

Mheshimiwa Shekuru aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mkuu wa Wakuu amekwisha kusema kwenye redio kwamba anakwenda ng'ambo," alisema. "Kwa bei hiyo. Wimbo upo. Sasa mnataka niende nikamwambie amesema uongo?"

Hakuna aliyetaka.

"Basi amesema kweli. Na kama amesema kweli, huko anakokwenda ni ng'ambo. Kilichobaki ni makaratasi tu."

Makaratasi yalichukua siku mbili. Tangazo la Serikali Namba 212 lilieleza kwamba Kitalu Namba Tisa, pamoja na vilivyomo, kitakuwa nchi ya nje kuanzia mwezi wa saba hadi itakapotangazwa vinginevyo. Wajumbe wa msafara wakapata posho zao za nje kwa dola, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Mkwe wa Katibu Mkuu akabadilishiwa taaluma, akawa mtaalamu wa vumbi.

"Mheshimiwa," alikuwa amesema Hezroni siku ile ile ya chai, na sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali, "kuna watu kule. Mama yangu yupo kule."

Waziri alifungua jalada, akalisukuma mbele yake taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na nne.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Umeandika nini?"

"Hakuna."

"Basi hakuna. Mimi siwezi kubishana na mtaalamu."

Jumapili iliyofuata mama alipiga simu kabla ya ibada.

"Wamekuja askari, Hezroni. Watu wote wa Lutundwe wamepandishwa malori, wanasema wanarudishwa kwao. Nikauliza kwao wapi, wakasema huko huko nchini. Mimi nimeombwa pasi ya kusafiria. Nikawaambia mimi sisafiri, nimekaa. Wakasema ndiyo, mama, lakini nchi ndiyo imesafiri."

"Mama, panda lori. Njoo mjini."

"Na baba yako nimwachie nani? Nawe si unakuja mwezi wa nane?"

"Nakuja, mama. Nakuja wiki hii hii."

Aliomba likizo asubuhi ya Jumatatu. Likizo alipewa, lakini Lutundwe sasa ilikuwa nje ya nchi, na mtumishi wa umma haendi nje bila kibali. Dirisha la vibali lilikuwa la Dafroza, binti mwenye kalamu nne kwenye nywele, ambaye Hezroni mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Kaka, fomu iko sawa. Ila naona nauli umeweka nukuu moja."

"Basi la Lutundwe ni moja, Dafroza. Siku nyingine hata hilo halipo."

"Naelewa, kaka. Lakini zinatakiwa tatu." Aliona uso wake, akashusha sauti. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema hata ikiwa ni mama yako mzazi."

Ni kweli alisema. Alikuwa akisema hivyo kwenye kila semina, na watu walikuwa wakicheka. Angeweza kughushi nukuu mbili; kila mtu katika jengo lile alijua namna ya kughushi, walinzi nao walijua. Alikaa siku nzima na karatasi mbili nyeupe mbele yake, akatunga majina ya mabasi, akayafuta. Mkono uliosaini safari ya Mkuu wa Wakuu ulikataa kuandika uongo wa nauli ya mtu mmoja. Aliona aibu kubwa, na hakujua aibu hiyo ni ya kutaka kudanganya au ya kushindwa. Angeweza pia kupanda basi bila kibali, lakini mpakani, pale ilipovutwa kamba barabarani, walikuwa wakisoma majina, na mtumishi aliyekamatwa akitoroka nchi alipoteza kazi na kiinua mgongo. Akajiambia atapata njia. Aliendelea kujiambia hivyo hadi mwezi wa nane ukaingia.

Mama alipiga mara moja zaidi. Simu sasa ilikuwa ya kimataifa na sekunde zilikimbia.

"Usihangaike, baba. Wamenikubalia kukaa. Nimeketi juu ya kaburi la baba yako siku tatu, wakachoka. Kuna afisa mmoja wa wanyama, kijana wa watu, ana huruma. Kasema mkataba hauruhusu binadamu, lakini ameniandika kwenye daftari jingine, basi sina shida."

"Daftari gani, mama?"

"Sijui, miwani sikuvaa. Lina picha ya nyati juu. Huku ng'ambo ni kama nyumbani tu, mwanangu. Ila hiki kichuguu wananiambia nisipande tena, kitakuwa na kazi."

Simu ikakatika. Hakukuwa na nyingine.

Mkuu wa Wakuu alirejea kutoka ng'ambo na nyati wawili. Alilakiwa uwanja wa ndege, ingawa alikuja kwa gari. Ilibidi apelekwe uwanjani kwanza ili alakiwe. Katika hotuba yake alisema amejifunza mengi, kwamba huko nje wenzetu wana mandhari nzuri na wanyama wapole, na sisi tuache uvivu tujifunze kwao. Picha yake iliamriwa itundikwe kila ofisi, na Hezroni alilinganisha bei za fremu, tatu. Pichani Mkuu wa Wakuu ameweka mguu juu ya nyati, na nyuma ya bega lake kunaonekana paa, upande mmoja buluu. Picha ya ofisini kwa Hezroni ilitundikwa mbele ya meza yake.

Kitalu kiliendelea kuwa ng'ambo. Gruntag waliandika kwamba wateja wamependa, na hakuna waziri aliyetaka posho zirudi kuwa za ndani.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Mkuu wa Wakuu alitamani tena. Nukuu tatu zikaletwa mezani. Dubu alikuwa amepanda, mbuzi amepanda, na Gruntag wakawa chini ya wote kama kawaida yao. Hezroni alishika rula akaanza kupitia orodha yao ya viumbe waliomo, mmoja mmoja: nyati, pofu, ngiri, fisi. Namba kumi na tisa ilisomeka hivi: bibi, mmoja, mzee. Hawindwi. Kumtazama akifagia, pamoja na picha, dakika kumi, dola mia tatu.

Alisoma mara nyingi. Yu hai, basi. Anafagia. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya wenzake, ambao waliinamia kazi zao kwa heshima.

Baadaye alifungua droo akatoa fomu mpya, ile ya maombi ya manunuzi. Penye "Mahitaji" aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Mama, dakika kumi. Akachora safu tatu, mistari imenyooka. Kwenye safu ya kwanza akaandika Gruntag na Wanawe, dola mia tatu. Kisha akaweka kalamu mezani.

Saa tisa na nusu watu walianza kufunga madirisha. Dafroza alipita na mkoba wake, akamkuta amekaa, miguu imekumbatia kopo la rangi.

"Kaka, huendi nyumbani?"

"Nasubiri nukuu mbili," alisema Hezroni.